Namba Inayotazama Ukuta

Kabla sijafika Thika nilikuwa mtu wa nyuki. Sema hivi, mjomba wangu ndiye aliyekuwa mtu wa nyuki, mimi nilikuwa mbeba moto. Kwetu Yatta tulitundika mizinga juu ya miti, na kila mzinga ulichomwa alama ya mwenyewe kwa chuma cha moto. Siku ninayoikumbuka nilikuwa nimeshatahiriwa, ndevu zimeanza kuota, kwa hiyo sina kisingizio cha utoto. Tulipita chini ya mzinga mmoja uliojaa mpaka asali inadondoka kwenye majani makavu.

"Mjomba," nikasema, "huu unamwagika bure."

Hata hakuinua kichwa. "Alama ile si yangu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Alikwenda Mombasa, kazi ya reli. Mwaka wa nne huu."

"Basi ameshakufa huyo."

"Wewe ulimzika?"

Tukapita. Mti uliofuata ulikuwa wetu. Mjomba akapanda na moshi wake, akaniambia nisimame pale pale na nisikimbie hata nyuki wakinitambaa usoni. Mmoja akanichoma kwenye kope. Nikakimbia. Nilikimbia na moto, nikaangusha na kibuyu, na sikusimama mpaka nilipovuka mto. Niliporudi jioni jicho limefumba, mjomba alikuwa ameshatoa asali peke yake. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kazi ya kusimama mahali pamoja si ya kila mtu.

Hayo maneno ndiyo yalinitoa Yatta. Kesho yake nikashika njia ya Thika, siku mbili kwa miguu, na asubuhi ya tatu nikasimama mbele ya nyapara wa shamba la mkonge lililokuwa kati ya Thika na Ruiru. Shamba lenyewe silitaji jina, halina haja. Nyapara ni msimamizi wa vibarua, na yule alikuwa na kifimbo na sauti ya kuamsha ng'ombe.

"Na huyu jicho moja anatafuta nini?"

"Kazi, mzee."

"Jicho moja, nusu kazi. Pita kule kwa wakataji."

Ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, kwa hiyo sentensi ikiyumba ivumilieni. Naandika kwa sababu ya kijana mmoja wa hapa Mugutha anaitwa Peter, ana karakana ya kuchomelea vyuma nyuma ya nyumba yangu. Amewaajiri watu sita. Mmoja wao ni askari wa akiba, yaani alitumikia jeshi, akaachiliwa, lakini jina lake bado liko kwa jeshi na wakimtaka humwita. Sasa ameitwa. Peter akaja kuniuliza, "Guka," yaani babu kwa Kikuyu, "wewe ulifanya kazi na watu wa namna hii zamani. Mwajiri anatakiwa amsaidie vipi mtu kama huyu?" Nikamjibu maneno mawili matatu ya haraka, akaenda. Tangu siku hiyo sikai. Nimeinuka mara mbili tangu nianze ukurasa huu. Ya kwanza nilijidanganya naenda kufunga banda la kuku, na banda lilikuwa limefungwa.

Basi tuanze na kazi yenyewe, ili mwelewe.

Mkonge hukatwa jani kwa jani, jani refu kama mkono wa mtu mzima na ncha yake ni sindano. Mkataji hutoa ile sindano kwanza, kisha hufunga majani thelathini thelathini. Maji ya mkonge yanawasha. Mwezi wa kwanza nilijikuna mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimelala na kuku. Mafungu yakipakiwa kwenye toroli, yanasukumwa juu ya reli ndogo mpaka kiwandani. Nilikata miezi minane, nikasukuma toroli mwaka, halafu nikapelekwa kwenye nyaya. Nyaya ni mahali pa kuanika. Nyuzi zikishatoka kwenye mashine, nyeupe na zenye maji, unazitundika juani zikauke kabla ya kupigwa brashi na kufungwa marobota. Kazi ya nyaya ni nyepesi, lakini haina heshima. Ukisema unaanika, watu wanakuuliza umefua nini.

Heshima ilikuwa kwenye mashine ya kukwangua. Ndani yake kuna ngoma kubwa ya chuma yenye visu butu, inazunguka na kuponda jani mpaka nyama yote ya kijani itoke na ubaki uzi. Majani huletwa na mnyororo, na juu ya mnyororo ule wanasimama watu wawili wakitazamana, walishaji, wanaoyapanga. Huyu anaweka, yule anaweka. Wewe, mimi, wewe, mimi. Ukichelewa kidogo majani yanapandana, mashine inakaba, na ukitaka kuyavuta kwa pupa mkono unakwenda na majani. Sauti yake ilikuwa ile ile ya mzinga uliokasirika. Nilikuwa nasimama kwenye nyaya zangu, naisikiliza, na miguu inaniwasha kuliko ngozi.

Mlishaji wa upande wa kushoto alikuwa Mzee Githinji, mtu wa huku huku, mkimya, lakini akifungua mdomo lazima mtu acheke. Wa upande wa kulia alikuwa Wafula, Mbukusu, aliyekuwa askari miaka saba kabla ya kuja kwetu. Yeye ndiye alikuwa askari wa akiba. Alipanga majani kama mtu anayetandika kitanda cha wageni.

Sasa nieleze habari ya ubao. Getini kulikuwa na ubao mkubwa wenye misumari, na kila mtu alikuwa na kibati cha mviringo chenye namba yake. Asubuhi ukiingia unakitundika kwenye msumari wako, jioni unakichukua. Msumari mtupu maana yake mtu hakuja. Wafula alikuwa namba arobaini na moja. Mimi nilikuwa mia na kumi na mbili. Na ile namba haikuwa ya kazi peke yake. Nyumba ya laini, zile safu za nyumba za vibarua, ilikwenda na namba, unga wa posho wa Jumamosi ulikwenda na namba, na mwisho wa mwezi sahihi ya kipande, ile pasi ya kazi ya Mwafrika, ilikwenda na namba. Wakati ule wa hali ya hatari, siku za Mau Mau, mtu aliyekutwa Thika na kipande kisicho na sahihi ya mwajiri alipandishwa lori, na hakuulizwa anakotaka kwenda.

Meneja wa kwanza niliyemkuta alikuwa Mzungu mzee, anachechemea. Aliumia mguu vitani. Wafula alipoitwa mara ya kwanza, alimpelekea bahasha ya jeshi huku amejikunja kama mtu aliyevunja kitu. Mzee yule akaisoma mpaka mwisho, papo hapo kwenye baraza.

"Wiki sita," akasema. "Kwa nini wewe naogopa?"

"Naogopa kazi yangu, bwana."

"Mimi narudi kutoka vita, nakuta mtu nakaa kwa meza yangu. Mimi nasema jambo. Yeye nasema jambo. Kwisha." Akapiga fimbo yake chini. "Hapa hapana."

Akatukusanya wote mbele ya ubao. Akachukua kibati cha arobaini na moja, akakigeuza, namba ikatazama ukuta. Akasema kwa sauti ya kufika kwenye presi ya marobota, "Hii namba iko na mtu. Mtu nakwenda, mtu narudi. Mutiso nafanya kazi ya Wafula. Lakini Mutiso hapana Wafula. Nyinyi nasikia?"

Tukasema tumesikia. Ndiyo ikawa desturi ya pale. Kibati kikitazama ukuta, hakuna wa kukigusa.

Mutiso ndiye mimi. Mnielewe, niliruka kwa furaha. Mimi, wa nyaya, kuwekwa kwenye mnyororo! Wafula alinifundisha siku tatu kabla ya kuondoka. Alisimama nyuma yangu, kidevu chake karibu kinanigusa bega, akawa anasema sikioni, "Usitazame ngoma. Tazama majani. Ngoma itakuita. Itakuita kila siku. Usiitikie."

Na yule meneja hakuishia kwenye maneno. Jumamosi debe la posho lilipelekwa kwa Nekesa, mke wa Wafula, na nyapara alitumwa kuuliza kama paa linavuja. Lilikuwa linavuja. Likazibwa. Kazi ya kunoa na kubadilisha visu vya ngoma, ambayo husimamisha mashine siku nzima, akaisogeza iangukie wiki zile zile, ili mgeni kama mimi asilemewe. Na Wafula aliporudi, hakumrudisha kwenye mnyororo moja kwa moja. Alimweka kwenye nyaya wiki nzima.

Wafula alinuna. "Bwana, mimi si mwanamke wa kuanika nguo."

"Mkono yako bado naota bunduki," yule mzee akamwambia. "Ngoja iamke."

Alikuwa sawa. Siku ya kwanza ya kurudi, Wafula alipojaribu mnyororo kidogo, alipitwa na majani mara tatu, na Githinji akamwambia, "Ngai! Huko ulikuwa unapigana au unalala?" Baada ya wiki wakarudi mwendo wao. Wewe, mimi, wewe, mimi.

Na mimi nikarudi kwenye nyaya. Hapa nitasema lisilo zuri. Wiki ile nilimchukia. Alikuwa amenipa ujuzi wake kwa moyo mmoja, akarudi mahali pake pa haki, nami nilikuwa natundika nyuzi nikimtazama mgongo, nikitamani barua nyingine ije. Usiku nageuka geuka, mchana nahesabu toroli. Sikuwa na ugomvi naye. Nilikuwa nimeonja tu.

Barua ikaja. Haikupita mwaka.

Lakini meneja mzee alikuwa ameshaondoka, amerudi kwao na mbwa wake wawili. Aliyekuja alikuwa kijana, mwepesi wa miguu, mtu wa vitabu vipya. Hakuwa mtu mbaya, msidhani nalipiza kisasi. Alikuwa hana muda. Wafula alimpa bahasha, akaisoma huku anatembea, akamrudishia. "Nenda," akasema. Hilo tu. Hakuuliza ni siku ngapi. Hakutukusanya.

Wafula akasimama mbele ya ubao peke yake. Akakigeuza kibati chake kwa mkono wake. Kisha akaniita, akamwita na Githinji awe shahidi.

"Mutiso, safari hii hakuna aliyekutaja mbele ya watu," akasema. "Nakutaja mimi. Nishikie mahali pangu."

"Nimeshika."

"Na ngoma ikikuita?"

"Siitikii."

Akacheka, akanipiga begani, akaenda.

Wiki sita zikapita. Ikawa miezi mitatu. Malori ya askari yalipita barabara ya Fort Hall kila siku na hatukujua Wafula yuko kwenye lipi. Siku moja meneja mpya akasimama mbele ya ubao, mikono kiunoni.

"Hii nini? Kwa nini hii namba naangalia ukuta?"

Nyapara akamweleza desturi.

"Namba hapana angalia ukuta. Namba naangalia mimi." Akatangaza kwamba Jumatatu kutaandikwa kitabu kipya. Kila mtu atasimama mstarini na kipande chake. Namba itaitwa, asiyeitika anakatwa, na nyumba yake inapewa mwingine.

Nekesa alikuja kwenye mnyororo siku hiyo hiyo, mtoto mgongoni. Alisimama tu. Githinji akamwambia, "Mama, nenda ukapike. Tutaona." Lakini hatukuona lolote. Tulijaribu kumtuma karani aseme. Karani wetu alikuwa mtu wa kanisa, mwoga sana wakati ule kwa sababu ndugu zake wawili walikuwa wameshachukuliwa. Akasema meneja hapendi kuelezwa jambo mara mbili, na ameshaelezwa mara moja.

Jumatatu tukapanga mstari. Karani mezani, meneja amesimama nyuma yake na penseli. Wanawake wa laini walikuwa upande wa pili wa waya wa uzio, wanatazama.

"Arobaini!"

"Ndiyo, bwana."

"Arobaini na moja!"

Nilimwona Nekesa ameshika waya kwa mikono miwili.

"Arobaini na moja!" Penseli ikashuka.

Githinji akanipiga kiwiko cha mbavu. "Itikia, wewe!"

Nikaitikia. "Ndiyo, bwana!"

"Kipande."

Nikatoa kipande. Hapo ndipo sikuwa nimefikiri mbele. Kipande kina jina na kina alama ya kidole. Singeweza kusema Wafula na karatasi inasema Mutiso. Karani akanitazama juu ya miwani. Akaandika. Arobaini na moja, Mutiso.

Wakaendelea. Walipofika mia na kumi na mbili wakaita mara mbili, hakuna aliyeitika, nami nikasimama pale pale nikatazama penseli ikipiga mstari juu yangu mwenyewe.

Siku hiyo nilikuwa shujaa. Namba imeokoka, nyumba imeokoka, debe la posho limeokoka. Kule laini nilitaniwa mpaka basi. "Mutiso ameoa bila mahari!" "Arobaini na moja, mkeo amepika nini leo?" Mimi bado nililala kwenye chumba cha makapera, watu sita, na posho ya arobaini na moja nilimpelekea Nekesa yote, nikala ya kuazima kwa wenzangu. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na mema yangu katika hadithi hii ni machache. Nekesa alinikaribisha chai, akacheka na yeye, kisha akaacha kucheka.

"Shemeji, ukiweka kidole kwenye mashine ile, kumbuka ni kidole cha Wafula."

"Nitakumbuka."

"Na akirudi?"

"Akirudi tunakwenda kwa meneja, mimi na Githinji na karani. Tunamweleza. Nampa namba yake."

"Na wewe utakuwa namba gani?"

Nikanywa chai.

Miezi ikaenda. Kila asubuhi natundika kibati, namba inatazama mbele. Mwanzoni mkono wangu ulikuwa unasita. Baadaye ukaacha. Mwendo wangu na Githinji ukawa mmoja, hata tulikuwa tunaongea huku tunapanga, jambo ambalo mlishaji mchanga hawezi. Meneja akaniita kwa namba yangu, si kwa kelele, kama mtu anayemjua mtu. Mimi niliyekimbia nyuki nilikuwa nimesimama mahali pamoja, na mahali penyewe palikuwa pa mtu mwingine. Nilifanya mazoezi ya maneno nitakayosema: Bwana, kulikuwa na desturi. Bwana, mimi ni mia na kumi na mbili. Nilikuwa nayasema chooni, nayasema njiani. Kila mara yalikuwa yanatoka vizuri.

Wafula alirudi saa nne asubuhi. Mashine ilikuwa imekaba, tumeizima, tunatoa majani, ndiyo maana kulikuwa kimya na nikamsikia kabla sijamwona. Alikuwa na koti la jeshi begani na barua mkononi, amekonda, na sikio moja lina kovu. Alikwenda kwenye ubao kwanza. Akaona arobaini na moja inatazama mbele, akacheka kwa sauti.

"Nani amenigeuza? Mmenichoka kutazama mgongo?"

Sote tukacheka. Githinji akapiga kelele, "Ngai! Mmeona? Jeshi limemla nyama, limetuletea mifupa!" Wakakumbatiana. Wafula akanishika mkono wangu, akaugeuza, akatazama kiganja. "Vidole vyote," akasema. "Vizuri." Kisha akaenda kwenye dirisha la karani, na meneja akatoka.

Akaisoma barua. Ilisema mtu huyu alikuwa jeshini, ametumika vizuri, na mwajiri anaombwa amrudishe.

"Namba gani?"

"Arobaini na moja, bwana."

Meneja akafungua kitabu. Akapitisha kidole. "Arobaini na moja hapana kosa kazi hata siku moja." Akainua macho. Hakukasirika, alishangaa tu. Akatutazama sisi tuliokuwa kwenye mashine.

"Namba arobaini na moja nani?"

Niache hapo kidogo. Nimeinuka tena.

Baada ya mkonge nilihamia Ruiru, kwenye shamba la kahawa, nikawa wa kumenya, kisha nikawa nyapara wa kiwanda. Kahawa ni kazi nyingine, ya maji na vitanda vya kukaushia, na ningeweza kuwaeleza mpaka mchoke. Nilikaa huko mpaka nikastaafu. Kila nilipopata mtu mwenye bahasha ya jeshi, watu wangu walijua nitakavyofanya, wakanicheka. Nilikuwa namwita yeye na atakayemshikia, nawasimamisha mbele ya wote, natamka majina yao mawili kwa sauti. Namba siitaji. Kisha namwambia yule wa kushika, akiwa bado anafurahi, atarudi wapi siku mwenzake akirudi, na mahali pake hapo napafunga hakuna wa kupewa. Wenye mashamba waliniuliza kwa nini najisumbua na yule anayebaki. Walisema aliyeondoka ndiye askari, ndiye wa kusaidiwa. Nikawaambia mnamsaidia askari kwa kumtunza yule aliyebaki. Mtu asiye na pa kurudi atashika mpaka vidole vife ganzi.

Peter, hilo ndilo sikukuambia siku ile. Nilikuambia mtembelee mke wake, na hilo ni kweli, mtembelee. Usisubiri aombe, angalia paa. Muulize mtu wako barua inasema siku ngapi, na umuulize ukiwa umekaa, si ukiwa unatembea. Panga kazi zako nzito zisianguke wakati hayupo. Akirudi usimrudishe kwenye moto wa kuchomelea siku ya kwanza, mpe kazi ya kupiga msasa, hata akinuna. Na yule kijana uliyemwita kushika mahali pake, yule mwembamba anayeimba, mwambie leo. Mwambie mbele ya wenzake. Nimemwona juzi amevaa miwani ya mwenzake ya kuchomelea, anajitazama kwenye kioo cha pikipiki. Namjua yule kuliko unavyomjua wewe.

Haya. Tumalize.

"Namba arobaini na moja nani?"

Maneno yangu yote niliyofanyia mazoezi yalikuwa pale. Bwana, kulikuwa na desturi. Nilimwona karani ametazama wino. Githinji alikuwa anatoa jani lililokwama, jani moja, alilitoa muda mrefu sana. Nje ya geti lori la askari lilikuwa linapita kwenda Thika, na kipande changu kilikuwa mfukoni, na mia na kumi na mbili ilikuwa imepigwa mstari. Wafula alinitazama bila wasiwasi wowote. Alikuwa anangoja nimweleze meneja, basi.

"Ni mimi, bwana," nikasema.

Meneja akafunga kitabu. Akamwambia Wafula kwamba kazi ya kukata majani ipo, akitaka aende kwa nyapara wa shamba.

Wafula alinigeukia. Hakunitukana, na ningelipa chochote anitukane. Alinitazama kama mtu anayesikiliza kitu kwa sikio lile la kovu, akahakikisha amesikia sawa. Kisha akakunja barua yake, akaenda kwenye ubao, akashika kibati cha arobaini na moja na kukigeuza, namba ikatazama ukuta. Akakinyoosha kwa kidole kisicheze. Akatoka getini.

Nekesa alikuwa anakuja mbio kutoka laini, ameambiwa mumewe amefika, mtoto mgongoni na debe la unga mkononi. Wafula alimwambia neno moja ambalo sikulisikia. Nekesa akatazama kiwandani, akanitafuta mpaka akaniona. Akaweka debe chini, pale pale barabarani, polepole, lisimwagike.

"Arobaini na moja," meneja akaniambia, "geuza namba yako."

Nikaenda nikaigeuza. Nilipotazama nje, Wafula alikuwa ameshavuka reli ya toroli, anatembea upande wa Ruiru kati ya mikonge, na Nekesa nyuma yake. Hawakupitia nyumbani kuchukua hata sufuria. Hakugeuka, na hakurudi tena.